BASARI, ASKARI NA MAENDELEO: NANI ANAYEKATA SHAURI?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya wanachama wa matawi ya Lodwar na Kakuma)



Hatukuja kumsifu mtu, wala hatukuja kumtukana mtu. Tumekuja kuzungumza juu ya mambo matatu ambayo kila mwanachama huyasema anapopumzika kivulini saa sita ya mchana: karo ya watoto, askari polisi, na maendeleo ya mji. Mambo ni matatu, lakini neno letu la leo ni moja. Katika yote matatu sheria ya nchi hii imempa mwananchi mahali pa kukaa, na mara nyingi mahali hapo ni patupu. Kiti kisichokaliwa na mwenyewe hukaliwa na mwingine, naye hukata shauri bila kutuuliza. Kisha sisi hulalamika njiani.

CHAMA NA NCHI YA TURKANA

Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kinahusikaje na mambo ya baraza? Kazi yake si mishahara tu?

Ndugu, Turkana inajua jibu kuliko mahali pengine. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda mjini Nairobi shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoitwa East African Trade Union Congress. Mwaka uliofuata, Mei 1950, wote wawili walikamatwa. Makhan Singh aliletwa Lokitaung, huku kaskazini kwetu, akawekwa kizuizini, na hakupata uhuru wake mpaka mwaka 1961. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, Kubai na Bildad Kaggia, ambaye naye alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliletwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar.

Kwa nini waliletwa hapa? Kwa sababu Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu hakuingia bila kibali. Mashauri yote ya nchi hii yalikatwa mbali, na mwenyeji aliambiwa tu yaliyokwisha kukatwa. Mkoloni aliona kwamba mtu wa chama akitupwa mahali ambapo hakuna baraza la wananchi, sauti yake itakufa. Basi sisi tulio na matawi mahali pale pale walipofungwa wazee wa vyama hatuwezi kusema kwamba mambo ya baraza hayatuhusu.

NANI NI NANI SIKU HIZI

Wanachama wengi, hasa wazee, bado husema "kaunsili". Hakuna kaunsili tena. Mabaraza ya zamani ya wilaya na ya miji yaliondoka baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kufanya kazi katika kaunti 47. Ni vizuri tuelewe nani anafanya nini, maana mtu akipeleka malalamiko kwenye mlango usiofaa hupoteza siku yake bure.

Kwanza, kuna Gavana na serikali yake. Hao ndio wanaotumia fedha na kuajiri.

Pili, kuna Bunge la Kaunti hapa Lodwar. Humo wamo wawakilishi wa wadi, ndio hao tunaowaita MCA. Kazi yao ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kumchunguza Gavana na mawaziri wake. Mwakilishi anayegawa saruji kwa mkono wake amesahau kazi yake. Kazi yake ni kuuliza saruji ilinunuliwa kwa bei gani.

Tatu, kuna Bodi ya Manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Lodwar inayo manispaa yake, na mwaka 2023 Kakuma na Kalobeyei nazo zilipewa hadhi ya manispaa. Bodi inatakiwa kushughulikia usafi, masoko, taa, njia za mji na mipango ya viwanja. Sheria inataka pia wakazi wa mji waitwe kwenye mikutano ya wananchi ili watoe maoni yao.

Nne, kuna Serikali kuu ya Nairobi. Polisi ni wake. Shule za msingi, za sekondari na vyuo vikuu ni vyake. Wakimbizi wako chini yake.

Sasa mnaona taabu yetu inatoka wapi. Mtoto ni wa Turkana, shule iko Turkana, lakini shule ni ya Nairobi. Askari anatembea njia ya Lodwar, lakini mkubwa wake yuko Nairobi. Kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole. Mfanyakazi asiyejua mipaka hii huzungushwa kama punda wa kisima.

SHAURI LA BASARI

Tuanze na karo. Mwaka 2018 Serikali kuu ilipanga kulipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Ni jambo jema kwa mtoto anayelala kwao. Lakini huku kwetu shule ziko mbali, na familia nyingi huhama na mifugo kufuata malisho. Mtoto wa Turkana hana budi kulala shuleni, na mwenye kulala shuleni hulipa. Kwa hiyo basari kwetu si zawadi wala anasa. Bila basari mtoto harudi shuleni muhula wa pili.

Serikali ya Kaunti imekuwa ikitenga fedha za basari tangu miaka ya kwanza ya ugatuzi. Wabunge nao wana mfuko wao wa maeneo bunge, uitwao NG-CDF. Watoto wengi wa wanachama wetu wamesoma kwa fedha hizo, na hilo hatulikatai.

Lakini sikilizeni mambo mawili yaliyotokea. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko wa NG-CDF haupatani na Katiba, ikaweka mwisho wake kuwa tarehe 30 Juni 2026. Shauri likaenda rufaa. Kisha Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Bibi Margaret Nyakang'o, alipeleka waraka kwa kaunti zote. Alisema kwamba kaunti haziwezi kulipia basari za sekondari na vyuo vikuu pasipo mapatano yaliyoandikwa na Serikali kuu, kwa sababu Katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Magavana wakaenda mahakamani, na mahakama ikausimamisha waraka huo kwa muda.

Hatutaki kuingia katika ugomvi wa mawakili. Tunalosema ni hili: wakubwa wawili walipogombana juu ya mpaka wa kazi zao, mwanafunzi ndiye aliyerudishwa nyumbani. Na dawa ilikuwamo ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizi mbili kuhamishiana kazi kwa mapatano. Kuandika mapatano hakuhitaji kisima kuchimbwa wala daraja kujengwa. Kunahitaji karatasi, kalamu na watu wawili wenye nia njema. Basi swali letu la kwanza kwa Gavana na kwa Bunge la Kaunti ni fupi: mapatano yako wapi, na yamewekwa wazi wapi ili wananchi wayasome?

Swali la pili ni juu ya ugawaji. Tuchukue mfano. Kuna mama anayefagia soko la Lodwar kwa ujira wa kibarua. Ana mtoto aliyefaulu kwenda sekondari ya kulala. Anajaza fomu ya basari, anaipeleka kwa chifu apigiwe muhuri, anaipeleka ofisini. Baada ya hapo hajui kitu. Hajui nani alikaa kuichagua. Hajui kwa nini mwenzake amepata shilingi nyingi naye amepata kidogo. Hajui kama jina lake lilifika mezani au lilibaki katika sanduku. Mama huyo hawezi kushtaki, maana hana la kushika mkononi.

Hatusemi kwamba wagawaji ni wezi. Pengine wanafanya kazi yao kwa haki. Lakini haki isiyoonekana huzaa manung'uniko yale yale yanayozaliwa na dhuluma. Kwa hiyo twataka orodha. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kila wadi na kwenye mbao za shule. Ioneshe jina la shule, idadi ya walioomba, idadi ya waliopewa, na kiasi cha fedha. Ikiwa kuna mtoto ambaye jina lake halifai kutajwa, atumiwe namba. Tena ioneshe majina ya wanakamati waliokata shauri. Mtu akijua kwamba jina lake litabandikwa ukutani, hufikiri mara mbili.

Twataka pia vyuo vya ufundi vikumbukwe. Hilo ni jukumu la kaunti bila ubishi wowote. Kijana anayejifunza umeme wa jua, bomba za maji au ufundi wa magari anafaa kusaidiwa sawa na yule anayekwenda Chuo Kikuu cha Turkana hapa Lodwar au kwingineko. Nchi hii ina jua la kutosha kuwasha kila nyumba, lakini mafundi wake wengi huagizwa kutoka Kitale na Eldoret.

SHAURI LA ASKARI

Sasa tuje kwa askari. Hapa yatupasa kuangalia maneno yetu, kwa sababu jambo lenyewe lina pande mbili, na mtu wa Turkana anazijua zote mbili.

Upande wa kwanza: twawahitaji askari. Septemba 2022, huko Turkana Mashariki, wezi wa mifugo waliwavizia na kuwaua polisi wanane, pamoja na chifu na raia. Walikuwa wakifuata ng'ombe wa watu walioibiwa. Walikuwa wafanyakazi kama sisi. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Tena askari polisi hana ruhusa ya kuwa na chama cha kumtetea. Katiba, katika kifungu cha 24, inaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwake. Akipelekwa porini bila gari zuri wala maji, hana wa kumsemea.

Kadhalika askari wa akiba, wale vijana wa vijijini wanaolinda mifugo. Kwa miaka mingi walibeba bunduki ya Serikali bila mshahara. Mwaka 2019 Serikali iliamuru bunduki zirudishwe ili watu wachunguzwe upya. Wako waliosema ni sawa, kwa kuwa bunduki nyingine zilitumiwa vibaya. Wako waliosema kijiji kimeachwa wazi. Lakini ni mwananchi gani aliyeulizwa? Shauri lilikatwa mbali, kama zamani.

Upande wa pili: askari naye akikosea, lazima awepo wa kumwuliza. Machi 2025 wakimbizi wa Kakuma waliandamana kwa sababu ya chakula na maji kupunguzwa. Risasi za polisi zilifyatuliwa, na watu wakajeruhiwa. Julai mwaka huo huo vurugu zikazuka tena, baada ya chakula cha msaada kushushwa mpaka asilimia 28 ya kipimo kamili. Mtu mwenye njaa akipiga kelele, jibu lake si risasi. Na askari aliyepelekwa mbele ya watu wenye njaa bila amri iliyo wazi naye ametupwa katika shimo ambalo hakulichimba.

Sheria yasemaje? Yasema mambo mawili, na yote mawili ni mazuri.

La kwanza: iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na kuanza kazi 2012. Polisi akiua mtu au kumjeruhi vibaya, lazima IPOA ipewe habari. Mwananchi yeyote aweza kupeleka malalamiko kwake, kwa maandishi au kwa mdomo, bila kulipa senti. Hakuna haja ya wakili.

La pili ndilo lisilojulikana. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, katika kifungu cha 41, inaamuru kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti wake ni Gavana au waziri aliyemteua. Wamo wakubwa wa polisi wa kaunti. Wamo watu wawili kutoka Bunge la Kaunti. Na wamo wananchi wasiopungua sita, kutoka kwa wafanyabiashara, vyama vya kijamii, akina mama, walemavu, dini na vijana. Kazi yao ni kupendekeza polisi washughulikie nini kwanza, kuangalia jinsi uhalifu unavyokwenda, kukagua matumizi ya fedha za polisi katika kaunti, na kupeleka habari za utendaji wao kwa IPOA.

Ndugu, someni tena orodha ile. Mwalimu mkimbizi aliyepigwa akitoka kazini angeweza kusikilizwa pale. Dereva wa bodaboda anayesimamishwa kila jioni na kutoa "ya chai" angeweza kusikilizwa pale. Askari asiye na gari angeweza kusemewa pale. Lakini katika kaunti nyingi za Kenya Mamlaka hiyo imekaa kwenye karatasi miaka mingi tangu sheria ipitishwe. Magavana husema Nairobi haitaki kuachilia, na Nairobi husema magavana wanataka kuwa wakuu wa polisi. Ni ugomvi wa mpaka tena, sawasawa na ule wa basari.

Mamlaka hiyo haiwezi kumwamuru askari amkamate nani, na haifai iwe hivyo. Mwanasiasa akipewa rungu atalitumia. Lakini kukagua na kuuliza ni kitu kingine. Basi swali letu kwa Bunge la Kaunti ni hili: watu wetu sita ni akina nani, na kikao chao kitafanyika wapi ili tupeleke barua yetu?

SHAURI LA MAENDELEO

Neno "maendeleo" limechoka kwa kutumiwa. Kila kiongozi analo mdomoni. Sisi tuliangalie kwa hesabu.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Turkana kutoka Hazina ya Taifa ulikuwa kama shilingi bilioni 12.6, mmojawapo wa migao mikubwa kabisa nchini. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ukichukua mgao huo peke yake, asilimia 30 ni karibu shilingi bilioni 3.8 kwa mwaka. Tena kanuni za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti.

Hapa ndipo wengine hutugeukia na kusema: ninyi wafanyakazi ndio mnaokula fedha za visima. Tusikwepe neno hili. Hesabu ya mishahara haimhesabu mfagiaji na mkunga peke yao. Inamhesabu mkubwa na washauri wake. Panapokuwa na jina la mtu asiyekuwapo kazini, nalo linahesabiwa. Kwa hiyo sisi ndio wa kwanza kutaka daftari la wafanyakazi lihakikiwe jina kwa jina, mbele ya wajumbe wa wafanyakazi. Mfanyakazi wa kweli haogopi kuitwa jina lake.

Na mwajiri asitumie asilimia 35 kama kisingizio cha kuwaweka watu katika ukibarua miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, iko wazi: kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, ana haki ya kuhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Kufagia mji hakuishi katika miezi mitatu. Mji huchafuka kila siku.

Sasa tutazame miradi. Lodwar ni mji wa ukame na wa mafuriko pia. Mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa nguvu katika laga la Kawalase, na waliojenga kando hupoteza vitu vyao. Baada ya wiki mbili wale wale hubeba mitungi kutafuta maji. Maji ya mji hutoka katika visima vya kando ya mto Turkwel, na mji umekua: hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Kaunti nzima ina watu 926,976. Je, Bodi ya Manispaa imeweka alama mahali ambapo mtu asijenge? Je, bomba linalofuata litapelekwa mtaa gani, na kwa nini huo? Hayo ndiyo maswali ya maendeleo. Jiwe la msingi na utepe wa kukata si jibu.

Kuna na mafuta. Yalipatikana Ngamia-1, upande wa Lokichar, Machi 2012. Malori yalianza kuyabeba Juni 2018, na meli ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Sheria ya Petroli ya 2019 inaigawa sehemu ya Serikali hivi: asilimia 75 Serikali kuu, 20 kaunti, na 5 wenyeji wa mahali penyewe. Asilimia tano ya wenyeji itashikwa na nani? Kama kamati ya kuishika itaundwa kwa siri, tutakuwa tumeanza vibaya kabla ya senti ya kwanza kufika.

WENYEJI NA WAKIMBIZI

Kabla ya kumaliza, neno kwa ndugu wa Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992. Makazi ya Kalobeyei yalianza miaka ya 2015 na 2016, ili wenyeji na wakimbizi watumie shule, hospitali na soko kwa pamoja. Uchunguzi wa shirika la IFC mwaka 2018 ulikuta maduka zaidi ya 2,000 katika eneo la Kakuma. Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ya watu wote.

Tunasikia minong'ono. Mwenyeji husema mkimbizi anapewa chakula naye hapewi. Mkimbizi husema mwenyeji ana kitambulisho cha kuajiriwa naye hana. Wote wawili wasema kweli. Lakini tazameni nani anayefaidika na ugomvi wao. Mwalimu mkimbizi na mwalimu Mkenya husimama katika shule moja, mbele ya watoto wale wale. Mmoja hupokea mshahara, mwingine hupokea posho ndogo tu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, lakini kibali chake huchelewa. Mwajiri anayepata mwalimu kwa posho ataajirije kwa mshahara? Kwa hiyo ujira mdogo wa mkimbizi ni kamba inayouvuta chini ujira wa mwenyeji. Kumtetea mmoja ni kuwatetea wawili.

Na manispaa ikishaundwa, anayelipa leseni ya duka aitwe kwenye mkutano wa wenye maduka, awe amezaliwa Kakuma au Juba au Mogadishu. Mji ni mmoja. Vumbi lake twalila sote.

MAMBO YA KUFANYA

Wako watakaosema: "Tumekwenda mikutanoni, hatukusikilizwa." Ni kweli, mkutano wa maneno matupu huisha na chai yake. Ndiyo maana twawaomba mwende na karatasi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi la maandishi, na inailazimu kaunti kulijibu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Na jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Maneno hupeperushwa na upepo wa Lodwar. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa haipeperushwi, na hata mahakamani huenda.

Basi Kamati inapendekeza haya kwa matawi yote mawili:

1. Kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, wa kushika mambo ya kaunti na manispaa.

2. Watu hao waandike tarehe hizi na wasizisahau: tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bungeni, tarehe 28 Februari, sera ya fedha, tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti, tarehe 30 Juni, yote huwa yamekwisha. Anayeanza kusema mwezi wa Julai amechelewa mwaka mzima.

3. Barua ya kwanza iwe ya basari: orodha, majina ya kamati, na mapatano na Serikali kuu.

4. Barua ya pili iwe ya Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Sheria haikutaja chama cha wafanyakazi kwa jina, lakini imetaja akina mama, vijana, walemavu na vyama vya kijamii. Wanachama wetu wamo humo mote. Tuingie kwa mlango huo.

5. Barua ya tatu iwe ya vibarua wa manispaa, ikiwa na majina yao na tarehe walizoanza kazi.

6. Mwanachama aliyepigwa au kutozwa fedha na askari aje tawini siku hiyo hiyo. Aandikiwe mahali, saa na mashahidi, na habari zipelekwe IPOA. Asingoje wiki mbili mpaka kovu likauke.

7. Mikutano ya Kakuma ifanyike kwa Kiswahili, na awepo wa kutafsiri kwa Kiturkana na lugha za wakimbizi, ili asiwepo asemaye kwamba hakuelewa.

Ndugu wanachama, mkoloni aliwaleta wazee wa vyama huku akidhani ni mwisho wa dunia, mahali pasipo na masikio. Leo Bunge liko hapa Lodwar, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni. Ofisi za manispaa ziko hapa. Sheria ziko, na tumewatajia vifungu vyake. Kilichobaki ni miguu yetu na kalamu zetu.

Haba na haba hujaza kibaba. Barua tatu si nyingi. Tuzianze kabla hatujatawanyika, na kila mmoja atie sahihi yake au dole gumba lake.

Umoja ni nguvu.